Kabla ya Kununua Hodhi la Kuogea, Uliza Litaharibika Vipi

Anayejenga nyumba Dadamu leo anajenga ndani ya jiji. Mwezi Julai 2020 Arua, nchini Uganda, ilipandishwa hadhi, na Dadamu, iliyokuwa kaunti ndogo pembeni ya manispaa, ikaingizwa katika mipaka ya jiji jipya. Hadhi hiyo imekuja na ramani za nyumba zenye bafu ndani, na katika baadhi ya ramani hizo mchoraji ameweka hodhi la kuogea, chombo kile kirefu ambacho mtu hukaa au hulala ndani ya maji. Kazi ya kuchagua inabaki kwa mwenye nyumba: achukue hodhi la chuma lililopakwa enameli, la akriliki, la faibaglasi, au amwambie fundi amjengee papo hapo kwa saruji, terazo au vigae? Wengi huanza na bei, kisha rangi. Mimi nasema lipo swali linalotangulia yote mawili: siku hodhi hili litakapoharibika, litaharibika vipi, na ni nani atakayelitengeneza? Hakuna kitu cha bafuni kisichochakaa. Tofauti ni kwamba vingine huchakaa kwa namna ambayo fundi wa mtaani anaijua, na vingine huchakaa kwa namna inayomlazimu mwenye nyumba kuving'oa na kuvitupa. Kutoka Kampala hadi hapa ni karibu kilomita 500, kupitia Karuma na daraja la Pakwach, na kifaa kilichosafiri umbali huo hakiwezi kuchaguliwa kana kwamba kiwanda kiko nyuma ya soko.

Tuanze na chuma, kwa kuwa ndicho chenye sifa kubwa. Mwaka 1883, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, John Michael Kohler alichukua hori la chuma la mifugo, akalipasha moto, akalipaka unga wa enameli, na hapo biashara yake ya mahodhi ya kuogea ikaanza. Enameli ni kioo. Unga wake huyeyushwa juu ya chuma katika tanuru lenye joto la takriban nyuzi 800, ukapoa umeshikamana nacho. Haikwaruziki kirahisi, haigeuki rangi kwa jua, haijali maji ya moto wala sabuni. Hodhi la chuma cha kusubu huwa na uzito wa kilo 130 hadi 200; lile la bamba jembamba la chuma huwa kati ya kilo 30 na 50. Lakini sahani na vikombe vya enameli vilivyo katika majiko yetu vimekwisha kutufundisha ugonjwa wake. Kikianguka kitu kizito, kioo hubanduka, chuma hubaki uchi, na kutu huanza kula pembezoni mwa kidonda na kuingia chini ya kioo kilichobaki kizima. Kuna rangi maalumu za kuziba vidonda hivyo, nazo husaidia kwa muda zikipakwa mapema, kabla kutu haijashika. Ila enameli halisi hairudi bila tanuru, na hakuna fundi anayeweza kubeba tanuru hadi bafuni kwako.

Akriliki ni plastiki. Karatasi yake nene hupashwa moto, ikavutwa juu ya kalibu hadi ipate umbo, kisha mgongo wake hutiwa nguvu kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu. Hodhi zima huwa na kilo 20 hadi 30, watu wawili wanalipandisha ngazi bila taabu, na mtu akikaa ndani haruki kwa ubaridi kama anavyoruka kwenye chuma. Sifa yake kubwa zaidi haisemwi sana dukani: rangi ya akriliki imepenya unene wote wa karatasi, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unaweza kusuguliwa kwa msasa laini wenye maji na kung'arishwa ukapotea. Udhaifu wake ni joto na kuachwa bila mhimili. Arua iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, na akriliki huanza kulegea karibu na joto hilohilo. Anayechemsha maji kwenye sigiri na kuyamimina sufuria nzima ndani ya hodhi tupu analipinda taratibu kwa mkono wake mwenyewe. Na hodhi lililosimama juu ya miguu minne tu, bila kitu chini ya tumbo lake, huyumba kila mtu anapoingia, mpaka siku moja lipasuke. Faibaglasi ni jamaa yake wa karibu kwa sura, lakini rangi yake ni ngozi nyembamba tu juu ya nyuzi. Ngozi hiyo ikilika, nyuzi hutokea, maji huingia, na hakuna msasa utakaoirudisha. Dukani, chini ya taa, viwili hivi hufanana sana. Mnunuzi apindue hodhi na kuangalia ukingo uliokatwa, aone kama rangi inaingia ndani au imekaa juu tu.

Sasa tuyatazame maji, maana hapa ndipo hoja ya wauzaji inapoanza kupungukiwa. Maji ya bomba mjini Arua yanatoka mto Enyau, husafishwa na Shirika la Taifa la Maji, lakini hayafiki kila nyumba wala kila saa. Nyumba nyingi za pembezoni hutegemea kisima cha pampu ya mkono, maji ya mvua kutoka kwenye mabati, au jerikeni zinazoletwa kwa baiskeli na bodaboda. Katika visima vya pampu, mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hushika kutu kadiri miaka inavyokwenda, na maji hutoka na rangi ya kahawia ambayo kila mfuaji wa nguo nyeupe anaijua. Maji hayo yakikaa na kukauka ndani ya hodhi jeupe huacha doa. Mwenye nyumba huchukua waya wa kusugulia au unga mkali wa kusafishia, akasugua. Juu ya enameli atasugua miaka mingi kabla ya kuona athari. Juu ya akriliki, na zaidi juu ya faibaglasi, kila msuguo huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, doa la kesho hujificha ndani ya mikwaruzo hiyo, mkono hukaza zaidi, na baada ya muda uso ulionunuliwa kwa sababu ya kung'aa umekuwa na ukungu usiotoka. Hodhi hilo halikuuawa na ubovu wa kiwanda. Limeuawa na maji ya kisima na waya wa jikoni, vitu viwili ambavyo katalogi haikuvihesabu.

Wingi wa maji nao una neno lake. Hodhi la kawaida la mita 1.7 hujazwa kwa lita 150 hivi ili mtu azame hadi kifuani. Hizo ni jerikeni saba na nusu. Katika makambi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi, jirani zetu hawa hawa, kiwango kinacholengwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa ni lita 20 kwa mtu kwa siku; kuoga mara moja katika hodhi lililojaa ni maji ya watu saba kwa siku nzima. Na kuyapasha moto maji hayo kutoka nyuzi 24 hadi 40 kunahitaji karibu uniti tatu za umeme, ilhali ndoo ya lita 20 inahitaji chini ya nusu uniti. Mkoa wetu wa West Nile ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ukiishi kwa jenereta na kituo kidogo cha Nyagak kule Zombo, chenye megawati 3.5, kwa hiyo watu wa hapa hawahitaji kufundishwa thamani ya uniti. Simwambii mtu asijenge hodhi. Mgonjwa wa viungo, mama aliyejifungua, mzee asiyeweza kusimama chini ya bomba la mvua, mtoto mchanga, wote hao wana haja ya kweli ya mahali pa kukaa ndani ya maji. Ninachosema ni kwamba urefu wa hodhi haufai kuamuliwa na kiwanda cha mbali kilichopima watu wanaofungua bomba la moto na kuondoka.

Kwa sababu hizo zote, kwa nyumba ya chini ya Dadamu, uamuzi wangu ni hodhi la kujengwa kwa terazo. Terazo ni saruji iliyochanganywa na punje za marumaru au mawe mengine, ikamwagwa, ikakauka, kisha ikasagwa kwa mashine na jiwe la kunolea hadi punje zionekane na uso uwe laini. Kote Uganda sakafu na baraza nyingi zimefanywa hivyo, na mafundi wa kazi hiyo wapo hapa Arua. Angalia sasa linavyoharibika. Likikwaruzika, husagwa tena. Likipata ufa mwembamba, hujazwa kwa saruji ileile na kung'arishwa. Likipata doa la kahawia, na fundi alichagua punje za kahawia na kijivu tangu mwanzo, doa halionekani. Likibanduka pembe, huchanganywa kiasi kidogo cha malighafi na pembe hurudi. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayosubiri lori kutoka Kampala. Na kwa kuwa hujengwa kwa vipimo vya mwenyewe, linaweza kuwa fupi, sentimita 110 au 120, lenye kiti cha kukalia ndani, mtu akakaa wima huku maji yakimfika tumboni kwa lita 70 au 80. Hilo peke yake hupunguza maji na kuni kwa karibu nusu.

Wapo watakaosema saruji ni kitu cha maskini, na mgeni akiona hodhi la kujengwa atadhani fedha ziliisha. Fikra hii naielewa, lakini historia ya mwambao wa Afrika Mashariki haiiungi mkono. Huko Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, jumba la Husuni Kubwa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani yake kukawekwa hodhi kubwa la pembe nane ambalo umbo lake linaonekana hadi leo. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la maji la chumba cha kuogea lilijengwa ukutani na kupakwa lipu laini ya chokaa. Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alipotaka kumfurahisha mkewe aliyekuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, alimjengea mabafu ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850, kwa lipu ya chokaa yenye nakshi za maua na ndege. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mabafu ya Hamamni katikati ya Mji Mkongwe. Masultani hao walikuwa na meli, na wangeweza kuagiza chochote kutoka Bombay au Ulaya. Hata hivyo bafu walilijenga kwa kile ambacho waashi wao walikijua, ndiyo sababu kuta hizo ziliweza kutiwa viraka vizazi baada ya vizazi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni joto, na halifai kupitwa juu juu. Hodhi la saruji lenye kilo 400 hunyonya joto. Ukijaza lita 150 za maji ya nyuzi 40 ndani ya hodhi la nyuzi 24, na joto likagawanyika lote kati ya maji na saruji, utabaki na maji ya nyuzi 34 hivi. Katika hodhi la chuma la kilo 150 ungebaki na nyuzi 38, na katika akriliki ungekosa nyuzi moja tu. Hesabu hii ni ya kweli na anayeuza akriliki ana haki ya kuitumia. Lakini saruji haipati joto lote kwa mara moja. Husafiri ndani yake polepole, na mtu huwa ameshamaliza kuoga kabla nusu ya unene haijapata moto. Ukuta mwembamba hupunguza hasara zaidi: badala ya tofali nene pande zote, fundi anaweza kutumia wavu wa chuma na tabaka la saruji la sentimita nne au tano, njia ileile inayotumika kujengea matangi ya maji ya mvua. Na kwa kuwa hodhi fupi lina maji kidogo, lina pia saruji kidogo. Anayetaka kukaa saa nzima katika maji ya moto sana hatalipenda terazo, na huyo ninamwambia waziwazi anunue akriliki. Wengi wetu hapa hatuogi hivyo. Mchana wa Januari joto hupita nyuzi 30, na maji yaliyowekwa juani tangu asubuhi yanatosha.

Akriliki basi ina mahali pake, nami sitaki kuinyima. Katika jengo la ghorofa katikati ya jiji, hodhi la terazo pamoja na maji na mtu aliye ndani linaweza kupita nusu tani juu ya eneo dogo la sakafu, na haifai kuliweka pale ila mhandisi awe amelihesabu tangu kwenye mchoro. Huko juu, mahali penye maji safi ya bomba na hita ya umeme au ya jua, akriliki halisi ni uamuzi mzuri. Mwenye nyumba ahakikishe fundi ametandaza kitanda cha mchanga na saruji chini ya tumbo lote la hodhi, lisitegemee miguu tu. Maji baridi yatangulie ya moto kila mara. Na usafi ufanywe kwa kitambaa na sabuni ya maji. Enameli ya bamba la chuma nayo inafaa nyumba ya chini yenye watu wazima waangalifu. Faibaglasi nyembamba sioni ilipo nafasi yake katika nyumba inayotarajiwa kukaa miaka 20.

Aliyechagua terazo ajue pia kwamba hodhi la kujengwa lina sehemu moja dhaifu, nayo ni tundu la kutolea maji. Plastiki ya bomba na saruji havishikani, na hutanuka kwa viwango tofauti vikipata joto. Kati yake hufunguka njia nyembamba, na maji huanza kupenya chini ya sakafu bila mtu kuona. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: sehemu ya bomba itakayozama ndani ya saruji ipakwe gundi ya mabomba, inyunyiziwe mchanga mkavu, iachwe ikauke. Mchanga huo ndio saruji itakaoushika. Sakafu ya hodhi iteremke kuelekea tunduni angalau sentimita mbili kwa kila mita, maji yasituame. Baada ya kumwagwa, saruji ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba au zaidi, hasa miezi ya Desemba hadi Februari upepo mkavu unapovuma, kwa kuwa saruji iliyokaushwa haraka hupata nyufa nyembamba ambazo hakuna kung'arisha kutakakozificha. Kusaga kufanyike kwa maji, kwa faida ya mapafu ya fundi na watoto wa nyumba. Na baada ya hapo, dawa kali za choo zenye asidi zisikaribie kabisa, maana asidi hula saruji na marumaru.

Maji yanayotoka nayo yanahitaji njia yake. Dadamu nyumba nyingi zina shimo lao la maji machafu, na lita 80 au 150 zikishuka kwa mkupuo mmoja huvuruga tope lililotulia na kulisukuma kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambalo huziba mapema. Ni heri maji ya kuoga yaelekezwe kwenye shimo dogo la mawe peke yake, au kwenye migomba. Jambo la mwisho linahusu uhai. Maji yakikatika mara kwa mara, kishawishi cha kulitumia hodhi kama tangi la akiba ni kikubwa. Lamu waliweka samaki wadogo ndani ya mabirika ili wale viluwiluwi vya mbu, na West Nile, mkoa unaosumbuliwa sana na malaria, haina haja ya mahali pengine pa kuzalia mbu. Zaidi ya hayo, mtoto wa mwaka mmoja anaweza kufa maji katika kina cha sentimita chache. Hodhi lisilotumika liachwe tupu, na akiba ikae kwenye tangi lenye kifuniko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayejenga, kabla ya kutoa shilingi moja mwulize muuzaji au fundi aina ya dosari ambayo hodhi hilo litapata kwanza, na nani hapa Arua ameshawahi kuitengeneza. Ukishajengewa, ziba tundu, jaza maji, weka alama kwa penseli mahali maji yalipofika, funika, na usubiri siku mbili. Kama maji yameshuka chini ya alama, fundi arudi kazini. Salio lake alipwe siku ambayo alama na maji vitakuwa mahali pamoja.